Je, usawa wa kipato unaua ufanisi wa uchumi?

Mdadisi:
Wakuu, naomba mnieleweshe. Nimepanga nchi kadhaa kwenye jedwali: huku kigezo cha Gini (kipimo cha pengo la kipato: 0 ni usawa kamili, 100 ni mmoja kuchukua chote), kule pato kwa saa ya kazi. Nilitegemea nchi zenye usawa ziwe nyuma. Badala yake Denmark na Norway, zenye Gini isiyofika 30, zimo kileleni, na Afrika Kusini yenye Gini inayozidi 50 iko chini sana. Mbona tunafundishwa kuwa usawa unapunguza ufanisi?

Msoma Takwimu:
Norway iweke pembeni, mafuta yanavimbisha pato lake. Hoja yenyewe aliipa nguvu mchumi Arthur Okun wa Marekani mwaka 1975: kumpa maskini fedha ya tajiri ni kubeba maji kwa ndoo inayovuja. Mengine yanaishia kwenye gharama za utawala na watu kulegeza bidii.

Tija Kwanza:
Okun alizungumzia kodi na ruzuku. Usawa unaweza kuanzia kwenye mshahara wenyewe. Miaka ya 1950 nchini Sweden, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, wachumi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, walitaka kazi ileile ilipwe ujira uleule, kiwanda kiwe kinavuna faida au kinajikongoja. Kiwanda dhaifu hakikuweza tena kuponea kwenye mishahara duni: kiboreshe mitambo au kifunge. Kilicho imara kililipa chini ya uwezo wake, kikabaki na faida ya kuwekeza. Waliokosa kazi walisaidiwa mafunzo na kuhamia kwenye viwanda vinavyokua. Linaniuma kuona ujira wa chini ukitetewa kwa jina la ufanisi, wakati mara nyingi unachokilinda ni mashine chakavu na uongozi uliolala.

Mdadisi:
Nimekuelewa mkuu. Lakini si walikuwa na uwezo tayari, ndipo wakasawazisha?

Tija Kwanza:
Korea Kusini ilikuwa maskini wa kutupwa ilipoanza kugawa ardhi mwaka 1950, ukomo hekta 3 kwa mmiliki. Wapangaji wakawa wenye mashamba, wengi wakasomesha watoto, na viwanda vya miaka ya 1960 vikakuta vijana wanaojua kusoma.

Msoma Takwimu:
Na Muungano wa Kisovieti je? Tofauti za mishahara zilibanwa, tija ikazorota.

Tija Kwanza:
Kweli kabisa. Kule kiwanda kilichopata hasara kilifidiwa na serikali kikaendelea na hasara yake. Sweden kilifungwa.