Mama ana kisukari, kliniki wanampima kidole tu. Tuombe vipimo gani?

Mwenda_Kwao
Habari wakuu, wakubwa shikamooni. Mama (58) aligundulika na kisukari aina ya pili miezi mitatu iliyopita. Kila tarehe ya kliniki anachomwa kidole asubuhi, namba inaandikwa, anapewa metformin za mwezi, basi. Juzi ilisoma 6.8 (mmol/L), wakasema anaendelea vizuri. Lakini usiku nyayo zinamwaka moto. Ufuatiliaji ndio huo?

Nesi_wa_Zamu
Hapana mkuu. Namba ya asubuhi inaonyesha sukari ya muda ule tu, na wagonjwa wengi hujinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Ombeni HbA1c, kipimo cha damu. Hiyo inatoa wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, wala haihitaji kufunga kula. Lengo kwa wengi ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee sana, au anayeshukwa na sukari mara kwa mara, daktari hulegeza kidogo. Ipimwe kila miezi 3 hadi itulie, kisha kila miezi 6. Kama ana selimundu, damu pungufu au ameongezewa damu karibuni, aseme mapema, maana majibu yanaweza kudanganya.

Miguu kuwaka moto isisubiri tarehe. Akiingia kwa daktari avue viatu na soksi hapo hapo, bila kuombwa. Anafumba macho, uzi mgumu wa nailoni wa gramu 10 unabonyezwa kwenye unyayo mpaka upinde, naye aseme ameusikia wapi. Kisha mapigo ya damu yanashikwa juu ya wayo na nyuma ya kifundo, na vidole vinapanuliwa kutafuta mipasuko na fangasi. Asiyeusikia uzi ule anaweza kukanyaga msumari asijue mpaka aone damu kwenye ndala.

Mfamasia_Mtaani
Naongezea macho na figo. Kwa aina ya pili vinachunguzwa tangu siku ya kugundulika, kwa sababu sukari mara nyingi imeshakaa juu miaka kadhaa kimyakimya. Jicho linawekewa matone ya kutanua mboni ndipo nyuma yake ionekane. Kusoma herufi ukutani ni kipimo kingine kabisa. Mama asindikizwe, ataona ukungu kwa saa kadhaa. Figo zina vipimo viwili: kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja), na albumini (protini) kwenye mkojo. Msikubali kimoja tu, kwa kuwa albumini huweza kuanza kuvuja wakati kreatinini bado iko sawa. Vyote hivi angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na mafuta ya damu. Presha kila anapokwenda.

Metformin anywe pamoja na chakula. Tumbo likiharisha wiki za mwanzo, daktari anaweza kushusha dozi na kuipandisha taratibu. Asiache kwa siri! Daktari akiona sukari imepanda bila kujua dawa haijamezwa, ataongeza dawa nyingine juu yake.

Mwenda_Kwao
Asanteni sana. Ila daktari ana dakika tano tu. Tuanze na lipi?

Nesi_wa_Zamu
Miguu, kisha HbA1c, kisha rufaa ya macho. Yaandikeni matatu hayo kwenye karatasi, mama aiweke juu ya daftari lake. Kama mna mashine nyumbani, apime siku 3 za wiki ya mwisho kabla ya kliniki: kabla ya kula asubuhi (kati ya 4 na 7) na masaa mawili baada ya chakula cha mchana (chini ya 10), aandike na alichokula. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza. Aliyetoka kumenya embe atapata namba ya embe.

Siku ya kliniki abebe chakula na vidonge vyake, akishachomwa kidole ale na kumeza, foleni ikiwa ndefu. Abebe pia dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Na asiondoke dirishani kabla ya kuuliza majibu ya maabara yanachukuliwa siku gani na kwa nani, kwani mengi hubaki kwenye faili bila kusomwa.