Mkataba wa pambano la raundi 8 New York: sheria ya Muhammad Ali inamlinda bondia wetu wapi na inamwacha wapi?

KonaYaBuluu

Wakuu, habari za kazi. Bondia wa uzito wa welta kutoka Dar ameletewa mkataba wa pambano la raundi 8 New York. Mpinzani ni bondia wa promota huyohuyo aliyeleta mkataba. Kuna vipengele vitatu vinanisumbua:

Kimoja kinasema akishinda, promota atakuwa na haki ya mapambano yake matatu yanayofuata, bila kutaja muda. Cha pili kinasema "gharama zote halali" zitakatwa kwenye malipo yake. Cha tatu kinamtaka asimamiwe na meneja ambaye ni mtu wa ofisi ya promota.

Kila ninayemuuliza ananiambia nisiwe na wasiwasi, Marekani kuna sheria ya Muhammad Ali. Anayevijua vifungu vyenyewe anisaidie. Na vipimo gani tumalize kabla hajapanda ndege?

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkuu, hizo ni sheria mbili zilizoshonwa pamoja. Ya 1996 inahusu usalama wa mwili. Ya 2000 ndiyo yenye jina la Muhammad Ali, nayo inahusu mikataba na pesa. Zote mbili seneta John McCain alizipigania sana. Marekani haina kamisheni (mamlaka ya kusimamia ngumi) moja ya taifa zima. Anayesimamia ni kamisheni ya jimbo ambalo pambano linafanyika, kwa hiyo barua na maswali yenu yapelekeni huko.

Mapambano matatu: haki ambazo bondia analazimishwa kuzitoa ili tu apewe pambano na bondia wa promota fulani haziwezi kudaiwa zikishapita miezi 12. Angalia vizuri, kipengele hakifutwi, kinafupishwa tu. Promota anaweza kukaa na bondia miezi 11 bila kumpangia hata pambano moja na asiwe amevunja sheria. Dawa yake ni kwenye mkataba wenyewe: waandike kima cha chini cha malipo kwa kila pambano, na siku ambazo zikipita bila pambano haki zote zinarudi kwa bondia. Siku 120 ni dai la haki kabisa.

Meneja: hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sheria inakataza promota kuwa na maslahi kwenye umeneja wa bondia, na meneja kuajiriwa na promota. Lakini katazo hilo linahusu mapambano ya raundi 10 au zaidi tu. Lenu ni la raundi 8, kwa hiyo kifungu hiki hakiuzuii mpango huo. Binafsi naona hili ndilo tundu baya kuliko yote katika sheria hii, kwa sababu bondia wa raundi 8 ndiye bado mchanga na ndiye anayehitaji mtu wa kumtetea mezani. Kataeni. Mtu anayelipwa na promota hawezi kumbana promota huyohuyo kuhusu malipo.

Makato: "gharama zote halali" yasibaki kwenye karatasi. Kabla promota hajapokea chochote kutokana na pambano, anatakiwa kuipa kamisheni nakala ya mkataba, orodha ya makato yote atakayomtoza bondia, na tamko la kiapo kwamba hakuna makubaliano mengine, ya maandishi wala ya mdomo. Kwa hiyo akiwaletea karatasi ya pembeni usiku wa kupima uzito, ulizeni swali moja tu: hii imepelekwa kamisheni? Akikiuka masharti hayo kwa makusudi, sheria inataja kifungo hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 100,000. Bondia mwenyewe pia anaweza kwenda mahakamani kudai fidia, na hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi, kwa kuwa mashitaka ya jinai ni nadra mno.

Kodi nayo msiisahau. Mwanamichezo mgeni hukatwa asilimia 30 ya malipo ghafi, na Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza makato hayo. Pigeni hesabu za kambi na za kocha kwa kile kitakachobaki.

Taa_ya_Ulingoni

Naongezea upande wa afya. Sheria ya 1996 inataka mambo manne: bondia apimwe na daktari athibitishe kuwa yu fiti, daktari awepo kando ya ulingo muda wote, iwepo ambulensi au wahudumu wenye vifaa vya kufufua pumzi, na bondia akatiwe bima ya matibabu. Kiwango cha bima haikutaja, ndiyo maana kila jimbo lina chake.

New York walijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Novemba 2013, Magomed Abdusalamov alimaliza raundi 10 na Mike Perez pale Madison Square Garden akiwa amevunjika uso. Alikwenda hospitali kwa teksi. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa, na alibaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 2017 jimbo lilikubali kuilipa familia dola milioni 22. Kabla ya hapo, mwaka 2016, sheria ya jimbo ilishabadilishwa: bima isiyopungua dola 50,000 kwa majeraha ya kawaida, na dola milioni 1 kwa jeraha la ubongo linalohatarisha maisha. Dai nakala ya bima hiyo, na uulize kama kuna kiasi ambacho bondia hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Mara nyingi kipo, na ndicho kinachomfilisi mgeni.

Vipimo: damu (VVU, homa ya ini B na C), macho kwa kupanuliwa mboni, moyo kwa ECG, na MRI ya ubongo. Chukueni orodha na muda wa uhalali wa kila kipimo kutoka kamisheni yenyewe, msitegemee maneno ya promota. Anzeni na MRI. Ndiyo yenye gharama, na picha ikionyesha alama ya damu ya zamani hakuna leseni, basi hela ya vipimo vingine inakuwa imeokoka.

Uzito: bondia aliyekausha maji kupita kiasi anaingia ulingoni na mwili usiojirudia hata akinywa usiku kucha. Akiwa kilo 5 juu wiki ya mwisho, ombeni uzito wa kukubaliana, yaani kikomo ambacho pande zote mbili zinakiafiki badala ya kile cha welta.

Baada ya pambano, hata akishinda, asilale peke yake. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, kuongea ovyo, mboni moja kubwa kuliko nyingine: hospitali yenye upasuaji wa ubongo, kwa ambulensi, hapohapo. Aspirini asipewe, inazidisha kuvuja damu. Na akiwa na dalili hata moja asipande ndege.

MzeeWaRaundi

Jambo dogo ila limewakwamisha wengi: kitambulisho cha bondia. Mgeni anajisajili kwenye kamisheni ya jimbo lolote lenye kamisheni, kwa picha na namba yake binafsi. Bila hicho hapandi ulingoni. Barua ya kibali kutoka kamisheni ya nyumbani iombeni mapema pia.

KonaYaBuluu

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: alipigwa KO hapa nyumbani wiki sita zilizopita. Promota anasema tusiitaje.

Taa_ya_Ulingoni

Itajeni, mkuu. Kamisheni zinaangalia rekodi BoxRec (tovuti ya matokeo ya mabondia), kwa hiyo itaonekana tu. Sheria inakataza bondia aliyefungiwa na jimbo moja kwa sababu ya KO kupigana jimbo lingine, na kule mapumziko baada ya KO kwa kawaida ni siku 60 au 90, bila hata sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako). Wiki sita ni siku 42. MRI ifanyike sasa, picha isomwe na mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na pambano lisogezwe mbele. Promota anayewaambia mfiche hilo, hata makato yakiwa safi, msisaini naye.