Mrejesho: mkono wa bro aliyevunjika shingo

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama bro wangu aliyeanguka kwenye mwembe akavunjika shingo anaweza kunyoosha tena mkono, maana kukunja alikuwa anakunja ila kunyoosha hamna. Kafanyiwa operesheni, wamechukua msuli wa nyuma ya bega ambao ulikuwa mzima wakauunga na ule wa kunyoosha kiwiko. Wiki za mwanzo mkono ulifungwa umenyooka, baadaye akawa anaruhusiwa kukunja kidogo kidogo, mazoezi yanachosha balaa. Zamani akilala chali akiinua mkono unamdondokea usoni, juzi kawasha taa mwenyewe, maza akaizima ili awashe tena 😂 Vidole bado, uti wa mgongo wenyewe ulioumia pale shingoni haujapona, ni msuli tu umebadilishiwa kazi.