Chuo cha ng'ambo kinamjenga msanii au kinamnyang'anya mkono wake?

Fundi Brashi: Wakuu, mdogo wangu kapata nafasi ya kusomea uchoraji Uingereza na nyumbani tumegawanyika. Mimi naona anakwenda kusahaulishwa. Mkono wake una kitu. Akirudi atachora kama wote waliopitia huko. Edward Said Tingatinga katoka Tunduru, hakukanyaga chuo cha sanaa. Mwaka 1968 akaanza na vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Naombeni maoni.

Mwana wa Marangu: Umemruka Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Uchagani. Kasoma Makerere, miaka ya 1950 akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, baadaye akawa balozi wetu huko huko. Tazama picha zake za baada ya Slade: bado ni Wachaga na migomba yao, watu wadogo wadogo wanafanya kazi kwa pamoja. MoMA, makumbusho ya sanaa ya New York, wanayo ile ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Kanyang'anywa nini?

Dada Pwani: Kweli kabisa. Na Tingatinga tuache kumfanya hoja, zile ni picha za watalii. Twiga, twiga, twiga.

Mtoto wa Oysterbay: Dada, hapo umenichoma. Hao twiga ndio walionisomesha. Umewahi kukaa ukamwangalia mtu anaweka madoa ya kanga, ndege yule, kwa brashi aliyoipunguza nywele mwenyewe? Rangi ile inateleza. Ukiweka ya pili kabla ya kwanza haijashika, nyeupe inakuwa matope, ubao unaanza upya. Mzee wangu, mchoraji wa Tingatinga, alisafisha brashi za wenzake miezi na miezi kabla ya kuruhusiwa kugusa mandharinyuma. Hiyo si shule?

Dada Pwani: Kaka, sijamgusa mzee. Nasema kuiga. Mchoraji Elimo Njau wa Paa ya Paa, kituo chake cha sanaa Nairobi, ana msemo wake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Mtoto wa Oysterbay: Na wanafunzi wa vyuo wanaonakili sanamu za plasta za Wagiriki, wao wanamlaza nani?

Dada Pwani: Wao wananakili ili wajue, halafu wanaacha. Nyinyi mnanakili mpaka mnazeeka. Samahani, lakini ndivyo.

Mtoto wa Oysterbay: Haya, sasa umemgusa.

Mkenya Halisi: Mnapigana bure. Mfinyanzi wetu Magdalene Odundo alijifunza Uingereza kufinyanga kwa mkono bila gurudumu, leo vyungu vyake viko makumbusho makubwa. Ng'ambo oyee.

Mama Vyungu: Hapana, mwanangu, nafinyanga, hili nalijua. Uingereza alikwenda 1971, na alikuwa mtu wa michoro ya matangazo. Kujenga chungu kwa mkono alikwenda kukutana nako Abuja ya zamani, Nigeria (leo Suleja), kati ya 1974 na 1975, kwa akina mama wafinyanzi wa kabila la Gwari, Ladi Kwali akiwemo. Na ni Uingereza alikoelekezwa aende huko. Unapandisha udongo kidogo kidogo, unakwangua kwa kipande cha kibuyu, unasugua mpaka ung'ae. Kikichomwa kinatoka chekundu. Kikirudi motoni kwenye moshi kinageuka cheusi. Angebaki Nairobi huenda angechora mabango mpaka leo.

Mtoto wa Oysterbay: Kwa hiyo aliyemfundisha ni mwanamke wa kijijini. Asante mama.

Dada Pwani: Kituo chenyewe cha Abuja kilianzishwa na Mwingereza, Michael Cardew. Hilo hulisemi?

Mama Vyungu: Kilianzishwa naye, ndiyo. Ladi Kwali alifika hapo anajua tayari, kafundishwa na shangazi yake.

Fundi Brashi: Wakuu, niliuliza habari za mdogo wangu. Anaondoka Septemba.

Mtoto wa Oysterbay: Mlete kwa mzee wiki mbili kabla hajapanda ndege. Avae fulana asiyoipenda, rangi ile haitoki. Na huyo dada naye aje, mzee atampa madoa ya kanga ajaribu.

Dada Pwani: Nakuja. Jumamosi saa ngapi?

Mwana wa Marangu: Habari ya Ntiro bado hakuna aliyenijibu.