Wahudumu wanatumia magari yao kwenda kwa wagonjwa: bima ya kampuni inaingiaje hapa?

MamaWanne_Columbus (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina kampuni ndogo ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani hapa Columbus, Ohio. Wahudumu wengi ni watu wetu, Wakongo, Wabantu wa Somalia na Wakenya kadhaa. Kila mmoja anatumia gari lake. Asubuhi yuko kwa bibi wa Morse Road, mchana anakimbilia kwa mzee mwingine, jioni anampeleka mtu kliniki au anapita kumchukulia dawa na mboga. Maili tunawalipa. Kampuni yenyewe haina gari hata moja.

Sasa tumeletewa mkataba na mteja mkubwa, na kipengele cha bima kinataka cheti kinachoonyesha dola 1,000,000 za dhima ya magari (yaani za kumlipa mtu aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali), yakiwemo ya kukodi na yasiyo mali ya kampuni. Nikampigia wakala aliyetuuzia bima ya biashara, akaniambia niko sawa, bima ninayo. Nilipomwomba aniandikie hayo maneno kwenye barua pepe, kimya.

Naomba kueleweshwa. Mhudumu akigonga mtu akiwa kazini, si bima ya gari lake ndiyo inayolipa? Kampuni inaingiaje wakati gari si letu? Halafu mwezi ujao wauguzi wawili wanakwenda semina Chicago, watakodi gari pale uwanja wa ndege wa O'Hare, na mmoja anataka kukodi kwa jina lake na kadi yake ili apate pointi. Hapo bima inakuwa ya nani?

Nawasilisha.

Kijogoo_Dallas

Dada unajitafutia makaratasi bure. Gari lao, bima yao. Waandike wote kuwa makontrakta wa kujitegemea, mwisho wa mwaka unawapa 1099, ile fomu ya kodi ya wasio waajiriwa, biashara imeisha. Mimi ndivyo nilivyofanya na watu wangu wa usafi.

Mzee_wa_Dhima

Kijogoo, ombea usije ukagongesha. Mtu unayempangia saa, unayemwambia leo nenda kwa fulani ukamwogeshe na umpikie, sheria inamwona mwajiriwa hata umpe karatasi ya namna gani. Na hata kama ni kontrakta kweli, wakili wa aliyeumia ataiweka kampuni kwenye mashtaka kwanza, ubishi wa nani ni nani utafuata baadaye, na wakili wa kubishana mtamlipa nyinyi.

Mama Wanne, nimeuza bima za biashara Minnesota na baadaye Ohio kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikiandika ndefu.

Ni kweli bima ya mhudumu ndiyo inayotangulia kulipa. Tatizo ni ukubwa wake. Ohio inadai kima cha chini cha 25/50/25, yaani dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali iliyoharibika. Wengi wananunua hicho hicho cha chini kwa sababu ndicho wanachokimudu. Sasa chukulia mhudumu wako anatoka Morse Road kwenda kwa mzee wa mchana, anakata taa nyekundu, anamvunja mtu nyonga. Upasuaji, vyuma, mazoezi ya viungo, mishahara iliyopotea, tuseme jumla imefika dola 180,000. Bima yake inatoa 25,000 na kufunga faili. Zile 155,000 zilizobaki hazitadaiwa kwa mtu anayepanga chumba kimoja. Zitadaiwa kwako, kwa sababu sheria za huku zinambebesha mwajiri kosa la mwajiriwa lililotokea ndani ya kazi. Gari ni la nani, hakuna anayeuliza.

Safari ya kutoka nyumbani kwake kwenda kwa mteja wa kwanza kwa kawaida ni yake mwenyewe. Ya kutoka kwa mteja kwenda kwa mteja ni kazi, ndiyo maana hata kanuni za mishahara za serikali kuu zinataka muda huo ulipwe. Na hayo malipo ya maili (kiwango cha IRS, mamlaka ya kodi, kwa 2025 kilikuwa senti 70) hayaligeuzi gari lake kuwa lenu, ila fomu zake ni ushahidi mzuri kwamba dakika ile alikuwa kazini kwenu. Usiache kulipa kwa kuogopa hilo, maana utawakosea watu na dhima itabaki pale pale.

Bima yako ya dhima ya biashara, ile inayolipa mgeni akiteleza ofisini, ina kipengele kinachoyatoa magari nje. Huyo wakala aliyekwambia uko sawa ama hajafungua hati yako, ama ameifungua ndiyo maana hataki kuandika.

Unachokitafuta kinauzwa kwa jina la Hired and Non-Owned Auto, yaani magari ya kukodi na yasiyo yenu. Kinaweza kuambatishwa kwenye bima ya biashara uliyo nayo, na kwa kampuni isiyo na magari hiyo ndiyo njia nafuu, au kikatwe kama bima ya magari ya biashara inayojitegemea. Ukichukua hii ya pili, usiamini maneno ya simu. Fungua ukurasa wa jedwali mwanzoni mwa hati, tafuta mstari wa Liability (dhima), tazama tarakimu zilizowekwa kwenye safu ya magari. 8 ni magari mnayokodi au kuazima. 9 ni magari yasiyo yenu yanayotumika kwa shughuli zenu, yakiwemo ya wafanyakazi. Ukikuta 7 peke yake, hiyo ni kwa magari yaliyoorodheshwa tu, na nyinyi hamna gari la kuorodhesha, kwa hiyo mmelipia hewa.

Halafu jambo ambalo wateja wangu wengi hulijua baada ya ajali: bima hii ni ya kuilinda kampuni. Haimtengenezei mhudumu gari lake. Hailipi matibabu yake akiumia kazini, hayo ni ya BWC, mfuko wa jimbo wa fidia ya wafanyakazi, na Ohio mwajiri mdogo hana pengine pa kununua bima hiyo. Na kwa maandishi yake ya kawaida, mhudumu anayeendesha gari lake mwenyewe wala hahesabiki kuwa mmoja wa wanaolindwa. Kampuni itapewa wakili, yeye atabaki na ile 25,000 yake. Kuna kiambatisho cha kumwingiza, namba yake CA 99 33. Kiombe. Ada inapanda kidogo, lakini hutamwangalia mtu wako akizama huku wewe umeokolewa.

NesiAsha_Louisville

Asante mzee, hapo kwa 99 33 nimejifunza.

Mama Wanne, mimi wasiwasi wangu uko kwenye kubeba wagonjwa. Binamu yangu alikuwa anafanya kazi kama hiyo ya wahudumu wako jimbo jingine. Siku ya kukata bima ya gari aliulizwa gari ni la nini, akasema la kwenda kazini na kurudi. Akaja kugonga gari la mtu akiwa na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Mchunguzi wa kampuni ya bima akampigia simu kwa sauti ya upole kabisa: pole sana mama, abiria ni ndugu yako? Unambeba mara ngapi kwa wiki? Unalipwa na nani? Binti wa watu akajibu yote kwa ukweli wake. Barua iliyofuata ilikuwa ya kukataa kulipa. Alihangaika na mawakili muda mrefu mpaka wakakubaliana nusu nusu, na bima yenyewe hawakumhuisha.

Mzee_wa_Dhima

Nesi Asha amegusa penyewe. Hati nyingi za magari binafsi hazina shida na mtu anayetumia gari lake dogo kufika kwa mteja. Zinachokitoa nje ni kubeba watu au vitu kwa malipo, kama teksi au wasambaza chakula. Mhudumu anayelipwa kwa saa akampeleka mzee kliniki si teksi, na mimi ningelitetea hilo mbele ya yeyote. Lakini utetezi unaanza baada ya barua ya kukataliwa, wakati majeruhi yuko hospitali na bili zinaingia. Kwa hiyo kila mhudumu anayebeba wateja aiulize kampuni yake ya bima, na jibu liwe la maandishi.

Na wewe mwenyewe, kwenye fomu ya maombi utaulizwa kama wafanyakazi wanabeba wateja. Andika ndiyo. Baadhi ya kampuni zitakukataa, nyingine zitapandisha ada. Afadhali ukataliwe leo.

MamaWanne_Columbus

Nimeelewa, jamani asanteni. Niwaulize hapo hapo: niwadai wahudumu bima ya kiasi gani? Nikisema kila mtu apandishe, nusu wataacha kazi Ijumaa hii.

Mzee_wa_Dhima

Kampuni za bima hupenda kuona 100/300 kwa wanaoendesha sana, yaani dola 100,000 kwa majeruhi mmoja na 300,000 kwa majeruhi wote. Wagawe watu wako. Wanaobeba wateja wawe na 100/300, na tofauti ya ada muwasaidie. Utakuta kutoka kima cha chini kwenda hapo ada haipandi kama watu wanavyodhani. Wanaofika tu kwa mteja na kurudi, zungumza na wakala mpya atakubali kiasi gani.

Usiridhike na ile kadi ya bima wanayoweka kwenye gari. Mtu anaweza kulipa mwezi mmoja, akapata kadi ya miezi sita, mwezi wa pili bima imefutwa na kadi bado inang'aa. Chukua ukurasa wa hati unaoonyesha viwango, na uuombe tena kila bima inapohuishwa. Rekodi ya udereva nayo iangalie kabla ya kumwajiri na kila mwaka. Ukimpa zamu za kuendesha mtu aliyewahi kukamatwa amelewa, wakili atakushtaki kwa uzembe wako mwenyewe, si wa mhudumu.

Shemeji_wa_Chicago

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi niko kaunta ya kukodisha magari, sisemi kampuni gani, kwa hiyo hilo la O'Hare niachieni.

Kodini kwa jina la kampuni. Namba ya uanachama ya pointi inaweza kuwa ya yule muuguzi hata kama kadi inayolipa ni ya kampuni, kwa hiyo pointi zake atapata na hakuna ugomvi. Wote wawili waandikwe kama madereva. Kila wiki naona mtu mmoja anasaini, mwenzake asiyeandikwa anashika usukani kabla hawajatoka kwenye geti, na huyo akigonga mkataba unakuwa umevunjwa na ile kinga waliyoilipia kaunta haifanyi kazi.

Kinga yenyewe, ile tunayowasihi muinunue, inahusu gari letu tu. Ukimuumiza mtu haimo. Bila hiyo kinga tutakudai matengenezo, pia siku ambazo gari limekaa gereji bila kukodishwa, pia ada ya kushughulikia faili. Kadi za benki nyingi zinalipia uharibifu wa gari, lakini soma masharti kama safari ya kikazi imo.

Na msitegemee kwamba mwenye gari, yaani sisi, tutashtakiwa badala yenu. Kuna sheria ya serikali kuu ya mwaka 2005, Graves Amendment, inayozuia kampuni ya kukodisha kubebeshwa dhima kwa kuwa tu ndiyo mmiliki. Mwenye deni ni aliyeendesha na aliyemtuma.

Mzee_wa_Dhima

Sawasawa. Nyongeza mbili. Ile namba 8 kwenye mstari wa Liability ni ya dhima peke yake. Uharibifu wa gari la kukodi unanunuliwa kando kwenye hati hiyo hiyo, na kama wauguzi wanasafiri mara moja moja tu, kinga ya kaunta inatosha. Na kama siku moja mfanyakazi atalazimika kukodi kwa jina lake, kuna kiambatisho CA 20 54 kinacholifanya gari hilo litambulike. Wakala akiambatisha 99 33, aambatishe na hicho kwa mkupuo mmoja.

Otieno_Nai

Nasoma nikiwa Nairobi nikiona nyie mnalia na 25,000. Huku Sura 405, sheria ya bima ya magari, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu, ikizidi hapo ni wewe na Mungu wako. Na ukibeba abiria wa kulipa kwa bima ya gari binafsi, hutapata hata simu ya upole. Mzee, swali: mtu wa ofisi akitumwa benki na gari lake mara moja tu, hiyo bima ya 9 inahusika?

Mzee_wa_Dhima

Kwa hati za huku, ndiyo. Haiangalii mara ngapi, inaangalia kama safari ilikuwa ya kazi yenu. Kwa huko kwenu muulize wakala wa huko, sitaki kukudanganya.

Kijogoo_Dallas

Haya mzee, umenitisha. Nikuandikie inbox?

Mzee_wa_Dhima

Karibu. Njoo na hati, na orodha ya wanaoendesha.

MamaWanne_Columbus

Mrejesho: nimepata wakala mwingine. Ameniuliza wangapi wanaendesha, wangapi wanabeba wateja, kama ninakagua rekodi zao, yaani vile vile mlivyosema. Anatafuta bei ya 8 na 9 kwa dola 1,000,000 pamoja na viambatisho vyote viwili. Cheti anasema kitatoka kabla ya tarehe ya kusaini mkataba. Chicago tumeshakodi kwa jina la kampuni, wote wawili wameandikwa.

La mwisho. Mume wangu ameona vani iliyotumika ya kubebea wateja wa viti vya magurudumu, anataka tuinunue kwa jina la kampuni. Hiyo nayo itaingia humo humo?

Mzee_wa_Dhima

Hapana. Siku umiliki unapoandikwa jina la kampuni, vani ni gari lenu, na 8 na 9 haziligusi. Linataka bima yake, na namba ya chesisi iingie kwenye orodha. Hapo ndipo ile 7 inapopata kazi. Mpe wakala hiyo namba kabla mumeo hajalipa, asije akaliendesha kutoka kwa muuzaji mpaka nyumbani bila chochote.