Bawaziri banajibu badepite (babunge) bila tarehe na bila hesabu, na badepite banapiga makofi. Mupaka lini?

Ndugu zangu, bamama na bababa bote muko hapa, munisamehe nitaandika murefu juu hii mambo inaniunguza roho. Nilijaribu kunyamaza nimeshindwa. Nimeangalia tena plenieri (kikao cha bunge nzima) kwa televisheni, bawaziri baliitwa Palais du Peuple, nyumba ya bunge letu la Kongo kule Kinshasa, kujibu maswali, na nimeona ile ile ya kila siku: waziri anafika, anasalimia bawaheshimiwa mupaka unasinzia, anashukuru Mukubwa wa Inchi, anasikiliza maswali, anaomba masaa 48 ya kutayarisha majibu, anarudia na karatasi, anasoma karatasi bila kuinua macho, salle inapiga makofi, biro (bakubwa ba bunge) inasema tumuachilie waziri arudie kazini. Basi. Hakuna tarehe, hakuna hesabu, hakuna jina ya mutu mwenye atafanya ile kazi. Sisi huku Lubumbashi tunabakia kuulizana, sasa amejibu nini?

Na mutu asiniambie kosa ni ya bawaziri tu. Mi nakasirikia badepite zaidi, juu silaha iko mu mikono yabo. Katiba ya 2006, article 138, inabapatia swali la mudomo, swali la kuandika, swali la mambo ya sasa, interpelasio (kumuita waziri ajieleze juu ya kazi yake), komisio ya uchunguzi, na kumuita waziri mu komisio kumusikiliza. Article 146 inaongeza kwamba kwa kuleta mosio (ombi la kupigia kura) ya kumutoa waziri moja inatosha sahihi ya sehemu moja juu ya kumi ya badepite. Bunge la taifa iko na biti 500, fanyeni hesabu benyewe, ni bantu 50. Kuipitisha njo kunaomba wingi wa bote, sawa, lakini kuileta tu ni bantu 50! Alafu mosio ikifika, mutu anasimama na ile banaita mosio insidansiele, banapiga kura ya kukata mazungumuzo, na waziri anarudia kwake bila kujibu kitu. Tuliona hiyo mara ngapi?

Tuanze na ulinzi juu njo kule damu inamwangika. Ile eta de sieje, ya kuweka bajenerali kwa kiti ya bagavana, ilianza tarehe 6 Mei 2021 kule Kivu Kaskazini na Ituri. Katiba inasema siku 30 za kwanza, kisha bunge inaweza kuongeza siku 15, na tena siku 15. Banaongeza, banaongeza, miaka inapita, mikono juu mikono chini imepita. Kila siku 15 ilikuwa nafasi ya kumushika waziri wa ulinzi na kumuuliza tangu tulipoinua mikono ile siku ingine mulirudisha vijiji gani, basoda (baaskari) bangapi banakula mushahara na bangapi ni majina ya karatasi, makuta ya ile programu ya jeshi ya 2022 mupaka 2025 iliingilia wapi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka mu mikono ya baasi, na ilianguka chini ya ile eta de sieje yenyewe yenye balikuwa banatuambia njo dawa. Katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Bantu benye balikimbia tuko nabo hapa, banalala kwa bandugu, familia tatu mu lupango moja. Na mupaka leo miye sijasikia waziri akisimama mbele ya bunge, mulango wazi, aseme nani alitoa amri gani na nani aliacha basoda peke yabo.

Mulango wazi, minarudilia. Katiba inasema bikao bya bunge biko mbele ya bantu bote, kufunga mulango ni kitu ya pekee. Lakini ikifika tu maneno ya vita, kamera inje, bajurnaliste inje, raiya inje. Hakuna mutu anaomba baseme mipango ya vita kwa televisheni, sisi si bajinga, adui naye iko na televisheni. Lakini mushahara ya soda ni siri ya vita? Mu Machi 2025 serkali ilitangaza inaongeza mushahara ya basoda na bapolisi mara mbili. Balitangaza mbele ya inchi nzima, basi kuuliza nako kuwe mbele ya inchi nzima, imefika kwa nani na imebakia mu mifuko ya nani. Hapa kwetu Katuba kuko mama moja, bwana yake ni soda iko mustari wa mbele, yeye anauza makala kwa mulango, anapima na ile kopo ya mafuta yenye alikata juu, mikono nyeusi mupaka kwa kiwiko. Nilimuuliza kama ile nyongeza aliiona. Alisema yeye anaonaka makala. Waziri akimujibu huyo mama na "serkali inaendelea kufanya yote", anajibu kama mutoto unamuuliza nani alikula samaki, anakuambia sufuria iko safi.

Sasa mambo ya urizi wetu, utamaduni, bintu bya babu zetu. Najua bamoja batasema wakati wa vita nani anajali masanamu. Miye najali, na weye pia unapaswa kujali, juu Katiba yenyewe article 46 inasema Serkali inalinda urizi wa taifa. Mu Februari 2022 Ubelgiji ilimupatia waziri wa kwanza (waziri mukuu) liste ya bintu karibu 84,000 byenye biko kwabo mu museum ya Tervuren. Waziri wa kwanza wa wakati ule alikuwa Sama Lukonde, mutoto wa huku kwetu Katanga. Leo yeye njo prezida wa Senat, ile chumba ingine ya bunge. Mutu mwenye alipokea liste kwa mikono yake njo anaongoza ile chumba yenye inapaswa kuuliza liste ilifika wapi! Basi Senat imuite waziri wa utamaduni, imuulize: mu bile 84,000 mumeomba birudie ngapi, mumeandika barua gani, tarehe gani, na bikirudia bitaenda Kinshasa tu ao na museum ya Lubumbashi yenye iko tangu 1946 itapata yake? Ni swali ya dakika mbili. Mu Juni 2022 mufalme wa Ubelgiji alikuja na maski ya Kakuungu ya Basuku, kabila moja ya inchi yetu, bantu balipiga makofi, nilifurahi na miye mupaka niliposikia ni ya kukopesha. Banatukopesha kitu yetu! Na sijasikia depite mwenye alisimama juu ya benchi akalia juu ya hiyo.

Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa Kongo, sitamupita hivi hivi. Huyu mutu aliuawa huku kwetu, 17 Januari 1961, pamoja na benzake Mpolo na Okito, pale Shilatembo, njia ya Likasi. Mwili haukubakia. Ilibakia jino moja yenye mupolisi Mubelgiji alibeba kwabo, na familia ilipigana mupaka ikarudia mu Juni 2022. Balitembeza ile sanduku inchi mzima, ilifika mupaka Shilatembo, bazee balilia barabarani, mi niliona kwa macho yangu bantu bazima banapiga magoti mu vumbi. Alafu mu Novemba 2024 bantu banavunja mausoleum (nyumba ya kaburi yake) pale Limete, katikati ya kapitali! Serkali ikasema jino iko salama. Sawa, tumesikia salama. Lakini nani alikuwa analinda usiku ule, mulango ulikuwa na kufuli gani, nani alisimamishwa kazi, uchunguzi ulimalizikia wapi? Hapo njo unaona kazi ya swali la kuandika, juu swali la kuandika linapaswa kurudia na karatasi yenye sahihi, na karatasi haiwezi kukana kesho kile ilisema leo. Depite mwenye aliandika, tunamuomba atuonyeshe jibu. Mwenye hakuandika, atuambie alikuwa anafanya nini sesio (muda wa bikao) muzima.

Mambo ya maisha ya bantu njo inanichosha kabisa. Shule ya musingi ni bure, article 43, na tangu Septemba 2019 serkali ilisema sasa inaanza kwa kweli. Nani hapa anasomesha mutoto bure? Mutoto wangu iko shule ya serkali, sitataja jina juu mwalimu wake ni mutu muzuri na hana kosa. Nilifungua kaye yake ya hesabu nikakuta kakaratasi kalikunjwa mara ine, kameandikwa na bic nyekundu: makuta ya chaki, makuta ya zamu, makuta ya kufagia, "motivasio" ya mwalimu mwenye hajaingia bado kwa liste ya mushahara ya Kinshasa, na chini "muzazi asaini". Hakuna kachet (muhuri) ya shule, hakuna tarehe. Na mutoto ananiambia mama usipotuma batanirudisha. Alafu nafungula televisheni namusikia waziri anasema elimu ya bure imefanikiwa, mamilioni ya batoto balirudia shule. Balirudia ndiyo, hatukatai, ni kitu kubwa na tunashukuru, lakini mwenye anabafundisha analipwa na nani? Depite mwenye alimuuliza hiyo swali alijibiwa na "mekanizasio inaendelea", ni kusema kuingiza balimu kwa liste ya mushahara. Inaendelea tangu 2019! Waziri aseme mu Haut-Katanga, jimbo yetu, balimu benye habajalipwa ni hesabu gani, na mwezi gani ya mwisho bataingia kwa liste, tutakaa kimya.

Kuzaa pia, balisema bure, mupango balifungua mu 2023, balianza na Kinshasa. Ilitoka Kinshasa ikaelekea wapi, lini itafika mu kila santi ya afya ya kartie, hakuna anasema. Sitakaa sana hapo, bamama benyewe muko hapa mutaandika.

Na bazee ba Gécamines, kampuni ya migodi ya serkali. Zaidi ya bantu 10,000 balitolewa mu 2003 na ule mupango wa Benki ya Dunia wa kuondoka kwa hiari, hiari ya mutu mwenye alikuwa amekaa miezi na miezi bila mushahara. Miaka zaidi ya 20. Bengi balikufa banangoja. Benye babakia utabaona asubuhi na fardi ya plastiki kifuani, ndani kadi ya kazi yenye picha imefifia, barua ya mwisho wa kazi na kopi za kopi. Banapanga mustari kama bantu benye balikosea kitu. Kila sesio kuko depite wa Katanga anabataja mu hotuba, sauti juu, salle inapiga makofi, na sijaona hata moja anafunga ile hotuba na interpelasio. Juu ya nini? Ile mosio ya bantu 50, badepite ba Katanga bakikamatana mikono na bandugu zabo ba Kivu na Kasai, watakosa sahihi?

NAONGEZA: Yaya mwenye ameandika huko chini eti bawaziri banabanwa na bakubwa zabo, habawezi kusema hesabu. Yaya, na heshima yote, mutu mwenye hawezi kusema hesabu mbele ya benye balichaguliwa, akatae kiti, kuko bengine. Na baba mwenye anauliza kama mi ni wa opozisio, hapana baba, sina chama, niko na batoto na mama muzee wa kutunza.

Mwenye iko na kopi ya jibu la kuandika la waziri kwa depite wa Lubumbashi, Likasi ao Kipushi, jibu lolote, la mwaka wowote, apige picha aweke hapa tusome bote. Sesio ya Septemba inafunga 15 Desemba, kisha badepite batashuka kutusalimia. Mi nataka siku ile niende na hii majibu yenu imechapwa kwa karatasi, nimuulize wetu moja moja, na aandike majibu yake pale pale mbele yetu na sahihi chini.