Naombeni ushauri, mzee katoka hospitali salama ila dawa za moyo hataki
Wakuu habarini, mzee wangu ana miaka 61, alikuwa anauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwezi wa 3 akapata shambulio la moyo akawekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo). Daktari alisema atembee kila siku aanze taratibu hadi afike dakika 30, chumvi apunguze, sigara aache kabisa, na aspirini na klopidogreli asiruke hata siku moja maana damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Mwanzoni alifuata vizuri tu, saivi anasema kifua hakiumi tena ameze dawa za nini, juzi nimekuta vidonge vya wiki nzima viko vilevile. Kutembea nako kagoma, tunakaa huku Mabatini mlimani kwenye mawe, anaogopa akipanda moyo utasimama. Kinachoniuma zaidi amenyamaza jamani, wageni hataki, redio hawashi, usiku nasikia anaamka anakaa tu. Mama nae kwa huruma anampikia dagaa wa chumvi. Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, mlimrudishaje kwenye dawa bila ugomvi? Na huu unyonge wake nimwambie daktari kliniki ijayo au nimpeleke hata kesho?